Gia ya Kupandia Mlima

Mzee Nduwayezu wa Titye alikuwa na pikipiki moja na mke mmoja. Pikipiki ilitangulia kufa.

Ilikufa gia, siyo injini. Injini ilikuwa inawaka kwa kiki ya kwanza na kunguruma vizuri tu bandani. Lakini ukiipeleka mlimani, gia ya kupandia ilikuwa inachomoka, na chini kunasikika kitu kama mtu anatafuna changarawe. Ilikuwa pikipiki ya Kijapani ya zamani, iliyoletwa na mradi wa kilimo. Mradi ulipofungwa, bwana shamba aliyekuwa akiiendesha alimwachia Nduwayezu, aliyekuwa mlinzi wake. Kwa hiyo Titye nzima wakaiita Bwana Shamba. "Bwana Shamba amepita," watu walikuwa wanasema, na juu yake amekaa Nduwayezu, na mkewe Immakulata, na debe la maharage.

Gia ilipokufa, ndipo mke naye alipoanza kuomba. Kwao ni Kibondo.

"Baba Dorcas, nipeleke nikawaone watu wangu. Kwa Bwana Shamba, siyo kwa basi. Nilitoka kwetu bibi harusi nimekaa juu yake, nyuma ya bwana shamba mwenyewe. Nataka wanione nimerudi hivyohivyo."

"Ngoja nitafute gia."

"Lini?"

"Kesho kutwa."

Kesho kutwa ikawa miaka miwili. Immakulata akachoka kungoja, akapanda basi. Alifika kwao, akaugua siku nne, akafa. Wakamzika hukohuko, kwenye shamba la baba yake. Nduwayezu alifika mazishini kwa gari la kukodi, amebanwa katikati ya watu, hajui hata njia ilipita wapi.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia. Ukoo ukapanga Jumamosi ya kuganduka, ndiyo siku ya kuondoa msiba. Watu wanakusanyika, wanakula, wanakunywa, na aliyefiwa anaruhusiwa kunyoa na kushika tena mambo yake. Dorcas, binti yake mkubwa, akatafuta gari la kuwapeleka wote Kibondo.

"Mimi siji na gari," Nduwayezu alisema.

"Utakuja na nini, baba?"

"Bwana Shamba."

Dorcas akatazama bandani. Kuku mmoja alikuwa ameatamia juu ya kiti cha pikipiki.

"Baba, ile ni nyumba ya kuku."

"Kuku atahama."

Dorcas hakubishana. Alimjua baba yake. Maneno yake ni machache, lakini ukitaka kuling'oa moja ulete jembe. Akasema tu, "Sawa. Ijumaa jioni kama haitembei, utapanda gari na sisi. Tumeelewana, baba?"

"Tumeelewana."

Zilibaki siku kumi na mbili.

Akaipakia pikipiki kwenye lori la mihogo mpaka Kasulu mjini, kwa fundi Castory. Castory alikuwa mtu wa miaka hamsini, mdomo haupumziki, lakini mikono yake ilikuwa na subira. Aliizunguka Bwana Shamba mara mbili, akaipigapiga tangi kama anayenunua ng'ombe.

"Shikamoo, mzee. Huyu ndiye mkubwa wako au mdogo wako?"

"Marahaba. Fungua gia."

"Sifungui. Tazama pale." Chini ya turubai kulikuwa na pikipiki tatu zilizopasuliwa, matumbo yao yamewekwa kwenye mabeseni. "Wenyewe walisema spea zinakuja kesho. Injini ikifunguliwa bila spea inageuka chuma chakavu. Lete gia kwanza, nifungue siku hiyohiyo. Iliyokufa ni ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Una uhakika?"

"Nimeikalia miaka thelathini na nane."

"Basi lete ya tatu. Na ulete mbili, dume na jike. Gia hukaa mbilimbili, mzee, zinasagana mpaka zinazoeana. Ukimwekea mgeni, haziendi. Na mmoja akishaondoka, aliyebaki naye..."

Hapo Castory akaziona ndevu za mzee, ndevu za mwaka mzima, za mtu aliye msibani. Akaokota spana ambayo hakuwa na kazi nayo.

Maduka ya spea ya Kasulu yamejaa vitu vya bodaboda. Nduwayezu aliingia moja akatoka, akaingia jingine akatoka. Muuzaji mmoja alimwuliza, "Babu, hiyo pikipiki ilikuja na Wajerumani?" Watu dukani wakacheka. Nduwayezu naye akacheka kidogo, kisha akauliza kama anamjua mwingine wa kumwuliza. Alikwenda mpaka Makere. Alilala kwa jamaa. Siku ya saba akaambiwa, kuna mama Mkongo karibu na kambi ya Nyarugusu, anaitwa Recho, anauza vyuma vya pikipiki za mashirika zilizokufa.

Recho alikuwa mama mnene, amekaa kwenye kiti cha plastiki, vyuma vyake vimetandazwa mbele yake kama dagaa.

"Karibu, papa. Unatafuta nini?"

"Gia ya tatu. Ya pikipiki za mradi, zile za zamani."

"Vitesi ya tatu? Iko." Akachokoa kwenye kopo la maziwa, akatoa gurudumu dogo la meno, akalifuta kwa kanga. "Njo hii." Akachokoa tena. "Na hii njo bibi yake."

Nduwayezu akazifunga zote mbili kwenye leso. Njia nzima alikuwa anazigusa mfukoni.

Jumatano asubuhi Castory akafungua. Akamwaga oili, nyeusi, yenye vipande vinavyong'aa. Akatoa klachi. Akaipasua injini nusu kwa nusu. Nduwayezu alichuchumaa kando, na kila kilichotoka alikipanga kwenye gunia kwa zamu yake, kila washa, kila kipete. Hakujua kusoma, lakini vidole vyake vilijua kilichotangulia na kilichofuata, kama vinavyojua punje za rozari.

Castory akainua shafti juani. Akaigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye meno ya gia, moja baada ya jingine.

"Mzee, ya tatu ni nzima. Meno yote yapo. Iliyokufa ni ya pili."

"Ni ya tatu."

"Njoo uone. Hii hapa, imelika kama muwa. Ni ya pili."

"Ya tatu, fundi. Hata usiku wa manane nitakuambia ya tatu."

"Haya, nihesabie."

Nduwayezu akasimama, akaweka mguu hewani kama yuko juu ya pikipiki.

"Moja," alisema. Mguu umetulia.

"Moja gani? Hujakanyaga."

"Moja, tumekaa." Akakanyaga. "Mbili, tunaondoka." Akakanyaga tena. "Tatu, tunapanda mlima. Ndiyo hiyo iliyokufa."

Castory alicheka mpaka akashika meza. "Mzee wangu! Kukaa siyo gia! Hiyo ni free, haihesabiwi. Duniani kote wanaanzia unapoondoka. Nani alikufundisha hesabu hiyo?"

"Mama Dorcas."

Kicheko kikakatika.

Nduwayezu akachuchumaa tena kwenye gunia lake. Akaanza kueleza huku akinyoosha safu ya washa. Alijifunza kuendesha kwenye uwanja wa mpira, Immakulata amekaa nyuma, anamhesabia kwa sauti. Yeye hakuona darasa hata la kwanza. Mke alikuwa amefika la pili, basi hesabu ilikuwa kazi ya mke. "Alisema injini ikishawaka mmeshaanza safari, hata kama mmekaa. Lazima ihesabiwe."

Castory akafuta mikono yake polepole.

"Hesabu yake siyo mbaya," alisema. "Ila wauza spea hawaijui. Rudi kwa huyo mama, mzee. Ukimbie. Mimi sitagusa kitu chochote hapa."

Alhamisi Nduwayezu alikuwa tena mbele ya Recho. Akafungua leso, akamweleza kosa. Recho alijipiga paja.

"Ee papa! Wewe unahesabu mpaka kiti!" Akachokoa kopo la kwanza, la pili, la tatu. Akatikisa kichwa. "Ya pili hapana. Niko nayo kwa ile injini tu." Akaonyesha injini nzima, imefungwa kwa kamba. "Ile iko ya mtu wa Uvinza. Anaitaka nzima, asema isifunguliwe."

Nduwayezu akaitazama ile injini. Hakuondoka. Hakuomba pia.

"Haraka ya nini, papa?"

"Jumamosi naenda kwa mke wangu."

"Anakaa wapi?"

"Kibondo. Kaburini. Tunaondoa msiba. Alitaka nimpeleke kwa pikipiki, nikachelewa."

Recho akatazama upande mwingine, kwenye barabara, kama kuna mtu anamwita. Kisha akaivuta ile injini kati ya miguu yake, akakata kamba kwa kisu.

"Mtu wa Uvinza atangoja," alisema. "Matanga ni matanga."

Alifungua mwenyewe, kwa nyundo na spana, jasho linamtiririka. Alipozipata akazihesabu meno kwa ukucha, akazilinganisha, akamwekea kiganjani dume na jike, bado zina oili.

"Hii njo ya pili ya fundi," alisema. "Ya tatu ya bibi yako."

Ijumaa walifunga. Gasketi ya kuzuia oili isivuje haikuwepo, Castory akalaza boksi la biskuti juu ya ukingo wa injini, akaligonga polepole kwa nyundo ndogo mpaka likakatika umbo lake, kisha akalipaka oili. Kila alipoinua mkono, Nduwayezu alikuwa ameshamwekea kinachofuata. Hawakuongea. Castory, kwa mara ya kwanza tangu afungue gereji, hakuongea. Kabla ya kufunika upande wa klachi, akaingiza pedeli ya gia, akazungusha shafti kwa mkono.

"Hesabu, mzee."

"Moja."

Shafti ikazunguka bure.

"Mbili." Ikashika.

"Tatu." Castory akabonyeza pedeli kwa kiganja. Ikaingia, tk, kama mlango mzuri. Akaizungusha, akaivuta, akaisukuma. Haikuchomoka.

Saa kumi jioni Nduwayezu alifika Titye amekaa juu yake. Dorcas alikuwa uani anaosha vyombo. Alisikia mlio kabla hajaona kitu, akasimama na sufuria mkononi, povu linamdondoka miguuni. Alikwenda bandani akaanza kutafuta helmeti.

Jumamosi waliondoka alfajiri, mzee mbele, gari la watu nyuma yake linamfuata taratibu, dereva akilalamika. Makere wakaipita. Daraja la Malagarasi wakalivuka. Kilipoanza kile kilima kirefu, Dorcas aliona bega la baba yake limeshuka kidogo na mguu wa kushoto umekanyaga. Mlio ukabadilika, ukawa mzito. Bwana Shamba akapanda. Alipanda polepole, moshi kidogo, mbuzi wa kando ya njia wanamtazama, na gia haikuchomoka.

Nyumbani kwao marehemu watu walikuwa wameshajaa. Philomena, dada mkubwa wa Immakulata, alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni na fimbo yake.

"Shemeji," alisema, "nilidhani hicho chuma kilishakuwa masufuria."

"Bado."

"Mdogo wangu alikingoja sana."

"Najua."

Msemaji wa ukoo alipomtaka mume aseme, Nduwayezu alisimama, akavua kofia. "Alitaka aje kwa pikipiki. Sikumleta. Nimekuja nayo." Akaketi. Watu walingoja waone kama kuna lingine. Halikuwepo. Mzee mmoja akasema, "Yametosha hayo," wakampitishia kibuyu.

Walipomaliza kula, Philomena akamgusa kwa fimbo.

"Nipeleke kwake. Tangu masika miguu hainifikishi huko juu."

Akajifunga kitenge vizuri, akakaa upande nyuma yake, akamshika shati. Shamba lilikuwa kwenye mteremko, njia nyembamba kati ya migomba. Nduwayezu akapanda nayo taratibu mpaka kwenye msalaba, akazima.

Nyasi zilikuwa zimeota. Philomena akashuka, akapiga magoti upande wa kichwani, akaanza kung'oa.

"Usisimame hapo, shemeji," alisema. "Shika huko miguuni."

Akaweka helmeti chini, akashika.