Jumamosi Tuliyokataa Kushuka Baiskelini

Juzi nilirudi nyumbani, huku Bukura, na hata sijafika langoni nilikuwa nimeshaudhika. Nilikuwa njia panda nachagua ndizi za kupelekea watoto wa ndugu yangu, ikapita pikipiki imefungwa spika mbili, kila moja inatosha kanisa zima. Muziki ulipiga mpaka yule mama wa ndizi akawa ananijibu kwa vidole. Hatua chache mbele palikuwa na boma lenye matanga, hema limetandazwa, jeneza kivulini, watu wamejaa kwenye viti vya plastiki. Yule wa pikipiki hakupunguza sauti, hakupunguza mwendo, hakugeuza hata shingo. Na wenye matanga wenyewe hawakushtuka, maana nao walikuwa na spika zao, kubwa kuliko hizo. Ilinichukiza, nakwambia kweli.

Nikamuuliza yule mama, "Siku hizi watu hawashuki?" Akanitazama tangu viatu hadi kitambaa cha kichwa. "Washuke wapi, mama?" Nikachukua ndizi zangu nikaenda zangu.

Kama hukukulia huku, wacha nikueleze. Miaka ile ya tisini, pikipiki zilikuwa za kuhesabu na kila mtu alikuwa wa baiskeli. Boma likiwa na matanga, hakuna aliyepita mbele yake akiwa juu. Unashuka. Unavua kofia, unasukuma baiskeli yako polepole mpaka ulimalize boma, na kama umebeba redio unaizima. Walishuka wote: mwalimu, padri, wanafunzi wa chuo cha kilimo na maringo yao, hata yule mlevi aliyekuwa akigombana na miti alishuka na kunyamaza. Kukhu, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, alikuwa akisema kwamba anayepita matanga akiwa juu ya baiskeli amempitisha maiti chini ya magurudumu. Lakini usidhani nimekuja kukusimulia jinsi sisi wa zamani tulivyokuwa na adabu. Watu wa kusema hivyo wananichefua kuliko hizo pikipiki. Nilikuwepo, na najua tulichofanya.

Mwenye baiskeli kwetu alikuwa baba mdogo, kitindamimba wa Kukhu, na redio kaseti ilikuwa yake pia. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi. Kila Jumamosi tulipeleka mahindi sokoni kwa mashine ya kusaga. Gunia lilifungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu, mimi nikapandishwa juu ya gunia, na redio nikapakata. Ukiifunga kwenye usukani, mawe ya barabara yaliitingisha mpaka ikaanza kutafuna utepe, kwa hivyo mapaja yangu ndiyo yalikuwa meza yake. Kazi yangu ilikuwa kugeuza kaseti upande mmoja ukiisha, na kuurudisha utepe nyuma kwa kalamu ya biro ili tusimalize betri.

Betri! Usinikumbushe. Zilikuwa sita, nene, na baba mdogo hakununua mpya mpaka hizo za zamani zimekufa mara tatu. Alizianika juu ya bati zipate nguvu. Jua likikosekana aliziuma kwa magego, moja baada ya nyingine, halafu anatema mate meusi kando ya jiko la Kukhu na kusema, "Sasa hizi zimeamka." Kisha ananikabidhi nizipange ndani ya redio, bado zina mate yake. Ptuu! Zilivuja maji ya rangi ya kutu yaliyonitoboa sketi, na vidole vyangu vilinuka hayo maji hadi wakati wa kula obusuma, ugali wetu, jioni. Na yeye mwenyewe alijipaka mafuta ya nywele mengi mno hata yakateremka shingoni, na mimi niko nyuma yake, pua yangu kwenye kola. Wanaolilia siku zile huwa hawasemi habari za hiyo kola.

Hata hivyo nisikudanganye, nilizipenda Jumamosi zile kuliko Krismasi. Kurudi ndiko kulikuwa kutamu. Unga ukitoka kwa mashine huwa na joto, na ukiukalia unakupasha hadi mgongoni. Palikuwa na mteremko mrefu kutoka sokoni, halafu daraja la mbao, halafu mlima. Baba mdogo alikuwa na wimbo wake mmoja wa rumba ambao mwanzo wake ni wa kubembeleza tu, na alijua kuupanga: tukifika juu ya mteremko mwimbaji ananyamaza, magitaa yanashika sebene, na yeye anaachilia breki. Mnyororo unalia, upepo unajaa mdomoni, mahindi ya watu yanapita pande zote mbili, na mimi napiga kelele ambazo sikuruhusiwa kupiga mahali pengine popote.

Chini kabisa, karibu na daraja, ndiko alikokaa mwenzangu wa dawati. Tuliketi pamoja tangu darasa la kwanza. Tuligawana kifutio kwa kukikata na meno, na nikichelewa alinishikia nafasi yangu kwa kuilalia. Baba yake alikuwa mkata miwa huko Mumias na alionekana mara chache. Mama yake alikuwa mtu wa kicheko, mweusi tititi, mwenye mikono ya kulima. Akisikia sebene inateremka alitoka mbio hadi kwenye ua akipunga jembe: "Rudisha! Rudisha tena, nilikuwa jikoni!" Baba mdogo hakurudisha, maana alihitaji ule mwendo wa mteremko apandie mlima. Lakini mwenzangu alikimbia nasi kando ya barabara mpaka darajani akicheza, na mimi nikimpungia mkono kama malkia.

Yule mama alifariki Jumanne, kwa homa ya siku chache. Akazikwa Ijumaa. Jumamosi matanga yalikuwa bado, wazee wamekaa kuzunguka moto, wanawake wanapika. Asubuhi tulipokuwa tunaenda kusaga, baba mdogo alishuka kabla ya daraja bila kuambiwa. Nami nikateremka, nikaitoa betri moja nikaishika mkononi. Tulipita kimya, ukungu umelala, boma limetulia. Kwa hivyo tulijua. Hakuna mahali hapa pa kujificha na kusema hatukujua.

Ujue kwamba kitufe cha kuzimia redio hiyo kilikuwa kimeharibika zamani. Hata kifuniko cha betri kilipotea, tukaweka kipande cha katoni na kukifunga kwa mpira. Dawa ya kuinyamazisha ilikuwa moja: kuingiza kidole gumba chini ya katoni na kuchomoa betri. Mwenye kidole gumba ni mimi.

Tulichelewa kwenye foleni ya mashine. Tulipofika juu ya mteremko mvua ilikuwa inatishia kunyesha, na unga ukilowa Kukhu angetula sisi. Baba mdogo akaangalia mawingu, akaangalia mlima wa ng'ambo. Wimbo ulikuwa umefika pale pake. Akaachilia breki.

Nikamwambia, "Baba mdogo, kuna matanga."

"Tukisimama pale chini na huu mzigo, mlima tutaupanda kwa magoti," akasema. "Marehemu mwenyewe alikuwa anapendanga huu wimbo. Shikilia."

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye katoni. Nataka ujue hivyo. Kilikuwa pale pale, nilisikia betri yenyewe ilivyo na joto. Na sikuitoa, si kwa sababu niliambiwa nishikilie. Sikuitoa kwa sababu magitaa yalikuwa matamu, basi. Unga ulikuwa wa moto chini yangu, upepo ulikuwa mdomoni, na nilitaka sebene yangu ya wiki. Hata sasa nikiandika nasikia haya inanipanda shingoni.

Tulimpita mwalimu wetu kwanza. Alikuwa ameshuka, kofia kwapani, suruali ameichomeka ndani ya soksi, anasukuma baiskeli yake hatua kwa hatua. Tulimrushia tope. Kisha boma likafunguka upande wa kushoto, na nikaona wazee wakisimama mmoja mmoja kutoka kwenye moto. Nikaona mwanamke ameshika mwiko juu, haujui uende wapi. Na pale kwenye ua, mahali pa mama yake, mwenzangu wa dawati alikuwa amesimama peke yake. Alikuwa amejifunga leso ya mama yake, inaburura chini.

Nikampungia mkono.

Mama yangu! Mkono ulijiinua wenyewe, umezoea. Nilimpungia mkono na kucheka, redio inalia mapajani, siku moja baada ya kumfukia mama yake. Yeye hakupunga. Hakukimbia nasi. Aligeuza uso kufuata baiskeli mpaka darajani, halafu mlima ukatuficha.

Habari ilifika nyumbani kabla ya unga. Kukhu alikuwa amesimama mlangoni na hakupiga kelele, na Kukhu asipopiga kelele ujue kumeharibika. Baba mdogo akaanza ule utetezi wake, kwamba marehemu aliupenda wimbo. Kukhu akamwambia, "Yake ndiyo masikio yaliyofungwa. Ya mtoto wake yako wazi." Akaingia kwenye kibanda akatoa jogoo, ingokho mwenyewe, yule mkubwa aliyekuwa akitunzwa kwa ajili ya wageni. Akamtuma baba mdogo arudi naye matangani jioni hiyo hiyo, kwa miguu, bila baiskeli, akaombe msamaha mbele ya wazee na asionje hata supu. Mvua ikamnyeshea kwenda na kurudi. Wazee walipokea jogoo, yakaisha.

Na mimi je? Nilimfuata Kukhu jikoni nikamwambia niende pia. Akanipa sufuria nikasugue. "Mtoto hana kesi," akasema. Alidhani ananihurumia. Nilisugua sufuria ile nikilia kwa hasira, kwa sababu kesi ilikuwa yangu na wamempa mtu mwingine. Ningechapwa ningelala. Hakuna aliyenichapa, hata mwalimu na matope yake hakunitaja.

Nikajipangia kwamba nitamwambia pole Jumatatu, dawatini. Jumapili yote nilijifunza maneno. Jumatatu nikafika mapema, nikaingojea kengele, nikaingojea ya pili. Mwalimu akafungua rejista na alipofika jina la mwenzangu akapiga mstari. Kwao walikuwa wamemaliza kunyoa nywele za matanga alfajiri, kama ilivyo desturi, na mama yake mdogo akamchukua kwenda kuishi naye Lumakanda. Nilikaa katikati ya dawati mwaka mzima nikakataa mwenzi mwingine. Wenzangu wakasema naringa.

Baba mdogo alikuja kuuza ile redio, na ile mashine ya sokoni imekuwa duka la kuuza mikopo ya simu. Daraja la mbao ni la saruji. Mteremko wameukwangua, wakaweka lami, ukiupita kwa gari huoni hata kama ni mteremko. Wimbo wenyewe huwa nausikia mara moja moja kwenye redio za watu, na magitaa yakianza huwa natoka nje. Watu hufikiri mimi ni mtu wa dini.

Mwaka jana nilialikwa harusi ya mtoto wa mfanyakazi mwenzangu, Lumakanda. Nilikwenda nyuma ya jikoni kutafuta maji, na mwanamke mmoja aliyekuwa anamenya viazi akaniangalia sana. "Wewe si wa kwa Kukhu, Bukura?" Nilimtambua kwa sauti. Amenenepa, ana mikono ya mama yake. Nikavuta kigoda, nikachukua kisu, tukaanza kumenya pamoja, tukiulizana watoto na mvua na mahindi. Maneno niliyojifunza Jumapili ile yalikuwa bado yako, yote, kwa mpangilio wake. Lakini nilipofungua mdomo likatoka moja tu.

"Pole," nikasema.

"Ya nini?"

"Ya siku ile. Ya baiskeli."

Aliendelea kumenya mpaka kiazi kikaisha. Akakitumbukiza kwenye maji. Hakuwa na hasira. Ningalitaka awe nayo.

"Nilikuwa nimesikia mkipita asubuhi," akasema. "Huo mnyororo wenu nilikuwa naujuanga. Nikatoka mbio, nikapata mmeshapita. Nikasema, basi, akirudi atashuka, kila mtu anashukanga hapa. Nikakaa kwa ua tangu hiyo asubuhi. Shangazi ananiita nikule, nakataa."

"Ulikuwa unaningoja mimi?"

"Nilitaka nikwambie wananileta huku. Hakuna mwingine nilikuwa wa kumwambia."

Mtu alimwita kutoka jikoni, chumvi iko wapi. Akainuka, akajifuta mikono kwa leso, akaenda kutoa chumvi. Mimi nikabaki na kile kisu. Nimeishi na kinyaa cha ule mkono niliopunga miaka yote hii, nikidhani hilo ndilo kosa. Kumbe mwenzangu hakuwa na neno na mkono wangu wala na muziki wetu. Alikuwa na hatua kama ishirini hivi za kutembea na mimi kando ya ua wao, aseme neno lake, tuagane. Nilitakiwa kushuka tu.