Mlango wa Bi Rukia na Mawe ya Bremen

Mwanangu, kuna kimya kimoja nilichokipata mchana kweupe pale Sokomuhogo ambacho nakikumbuka mpaka leo. Nilimwamkia mtu mzima, "Shikamoo, Bi Rukia," naye akanitazama, kisha akafunga dirisha. Hakuitikia. Wewe umezaliwa Unguja, huna haja ya kuelezwa mtu mzima akikunyima marahaba amekunyima nini. Kaa kitako nikusimulie nilivyoipoteza na nilivyokwenda mpaka Ujerumani ndipo nikajua pa kuitafuta. Hadithi yenyewe ina aibu kidogo, lakini aibu yangu nimeshaizoea.

Siku hizo nilikuwa nimeshapita miaka thelathini, umri wa mtu mzima, ila akili bado ilikuwa inacheza gololi. Kazi yangu ilikuwa kutembeza wageni Mji Mkongwe. Watu walituita papasi, yaani kupe, kwa vile tulivyokuwa tukimganda mgeni tangu anaposhuka boti. Mimi nilijiona tofauti na wenzangu kwa sababu ya ulimi. Wao walikuwa wakionesha milango, mimi nilikuwa naisemesha.

Mlango niliokuwa nikiupenda kuliko yote ni wa nyumba ya Bi Rukia, wenye misumari mikubwa ya shaba. Hapo nawasimamisha wageni, nateremsha sauti, nawaambia misumari ile iliwekwa ili tembo wasiuvunje mlango. Tembo, Unguja! Nikiona wamemeza, nawaongezea kwamba mwenye nyumba alikuwa akiuza watumwa, kwamba kulabu za chuma zilizomo ghalani ndizo alizowafungia, na kwamba mke wake mmoja alimjengea ukutani akiwa hai. Mke huyo nilimtunga pale pale, siku moja mgeni alipoanza kupiga miayo. Siku ya pili nikampa na jina.

Na ukweli niliujua, hapo ndipo kosa langu linapozidi uzito. Ghala lile lilikuwa la haluwa. Marehemu baba yake Bi Rukia alikuwa mpika haluwa, mtu mpole asiyejua kugombana. Nilipokuwa mdogo, bibi yangu alikuwa akinichukua kutoka kwetu Kikwajuni, kwenye zile ghorofa zilizojengwa na Wajerumani, tunakwenda kununua haluwa ya Sikukuu, na yule mzee ananipa sufuria nikombe. Kulabu zile alikuwa akitundikia mizani na miko yake.

Bi Rukia hakujua Kiingereza. Lakini mjukuu wake, Asha, alipofika kidato cha tatu alinisikia ninavyosema chini ya dirisha lao, akamfasiria bibi yake neno kwa neno. Nikaitwa kwa jina. "Naam," nikaitika, nikapanda ngazi.

"Nshasikia unayoisemea nyumba hii," Bi Rukia akaniambia, wala sauti hakuipandisha. "Jana kaja mgeni anapiga hodi, ataka kuoneshwa ukuta aliozikwa mke. Mke yupi? Mamangu kafia hospitali, kazikwa Mwanakwerekwe, watu tele."

Nikacheka, mwanangu. "Bi Rukia, wageni wanapenda mambo ya kutisha. Maneno tu yale, hayamchubui mtu."

"Baba yangu hayupo kujitetea," akasema. "Umemtoa nyumbani kwake, umemweka mtu nisiyemjua. Basi marahaba yangu usiitaraji mpaka umrejeshe."

Nikajiambia atasahau. Kila nikipita namwamkia, na kila nikimwamkia dirisha linafungwa. Mimi nikajitia hamnazo, nikaendelea na tembo wangu.

Ndipo akaja bibi mmoja wa Kijerumani anayeitwa Helga, mwalimu mstaafu wa mji wa Bremen, ambaye kwao naye alikuwa akitembeza wageni. Akayaandika maneno yangu yote katika kijitabu. Mwaka uliofuata chama chao kikanialika niende nikawazungumzie Zanzibar. Nilivimba kichwa hata kofia yangu ikanibana.

Mji ule niliupenda, sikufichi. Una mtaa wa zamani wenye vichochoro vyembamba, ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili kwa mpigo, nikajihisi niko Sokomuhogo, kasoro harufu ya udi. Mbele ya baraza lao la kutunga sheria kuna mfuniko wa shaba ardhini. Ukitumbukiza sarafu, unasikia punda analia huko chini. Nilimliza punda yule mpaka Bi Helga akanivuta mkono.

Tembo nao wanaye. Amejengwa kwa matofali mekundu, mkubwa kama ghorofa tatu, na nilipomwona nikamwambia Bi Helga kwamba huyu ndiye niliyekuwa nikimzuia kwa misumari. Hakucheka. Akanieleza kwamba zamani walimjenga kujisifia nchi za Afrika walizozitawala, Tanganyika ikiwemo, na kwamba siku hizi wameweka maandishi yanayokiri kuwa ule ulikuwa udhalimu.

"Mbona hamkumbomoa?" nikamuuliza.

"Tembo ni yule yule," akasema. "Tulichosahihisha ni maneno."

Kutoka hapo akanipeleka nje ya kanisa kuu, penye jiwe lenye alama ya msalaba. Hapo alikatwa kichwa mwanamke aliyewaua watu wengi kwa sumu, na wapitao hulitemea mate mpaka leo. Nikatema kwa moyo mmoja.

"Kesi ya huyu ipo, imeandikwa," Bi Helga akasema. "Na yule mke wa ukutani kwenu, habari zake zimeandikwa wapi?"

Upepo ulikuwa mkali, nikajifanya sikusikia.

Tukafika mtaa wa kawaida tu, wa nyumba za watu. Chini, kwenye njia ya miguu, kulikuwa na vijiwe vya shaba, kila kimoja kimechorwa jina. Bi Helga, na magoti yake yale mabovu, akapiga magoti, akatoa kitambaa, akaanza kuvisugua. Huku anasugua ananisomea: hapa aliishi fulani, akachukuliwa mwaka fulani, akauawa. Ilikuwa familia nzima ya Kiyahudi, mpaka mtoto, waliouawa zama za Hitler.

"Mama yangu alikuwa akikaa nyumba ya pili," akaniambia. "Tulipokuwa wadogo tukimuuliza habari za majirani hawa, alitwambia wamehama. Nimekua nikiamini kwamba wamehama." Akahamia kijiwe kingine. "Nyuma ya mlango wako wa misumari anakaa nani?"

"Bi Rukia."

"Na baba yake alikuwa nani?"

Mwanangu, swali lile lilinirudisha ghalani. Niliikumbuka ile sufuria, na mkono wa yule mzee ukinipapasa kichwani huku ananiambia nikombe vizuri. Nikalia pale pale njiani, na koti langu la kuazima. Nilijichukia siku ile, na sioni haya kukwambia. Bi Helga akanipa kitambaa, si cha kufutia machozi, cha kusugulia, nikapiga magoti kando yake. Jioni yake niliwazungumzia Wajerumani habari ya mpika haluwa wa Sokomuhogo, na hakuna aliyepiga miayo.

Niliporudi Unguja sikwenda kwa Bi Rukia na zawadi ya Ulaya. Nilikwenda asubuhi na ukwaju, majivu na kitambaa, nikaanza kuisugua misumari ya mlango wake, mmoja mmoja. "Shikamoo, Bi Rukia." Kimya. Kesho yake tena, kimya vile vile, ila dirisha halikufungwa.

Siku ya tatu nilikuja na wageni. Nikasimama pale pale nilipozoea kudanganya, nikasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika juu, kwamba misumari hii ni urembo tu, mafundi waliuiga kutoka Bara Hindi, na tembo pekee aliyepata kupita hapa nilimleta mimi kwa mdomo wangu. Mke wa ukutani nilimtunga mimi, na ninaiomba radhi nyumba hii. Hii ni nyumba ya mpika haluwa. Alikuwa akikoroga wanga, sukari, samli na zaafarani tangu alfajiri...

"Na iliki!" Bi Rukia alikuwa ameshatoa nusu ya mwili dirishani. "Baba yangu hajapata kupika haluwa bila ya iliki. Ukisema, sema yote!"

Nikainua uso. "Na iliki, Bi Rukia. Shikamoo."

Alinitazama, na mimi nikamngoja, wageni nao wamenyoosha shingo bila kujua wanangoja nini.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Pandeni, kahawa iko jikoni."

Bi Rukia ameshatangulia mbele ya haki, na alikwenda tukiwa radhi. Misumari yake naisugua mpaka leo kila inapokaribia Sikukuu, na Asha ananiletea ukwaju.

Basi wewe unayeanza kuuonesha mji huu, nakuusia: kabla hujaisemea nyumba ya mtu, piga hodi kwanza, uulize waliokaa humo walikuwa nani na walikula nini. Maiti hawezi kukukanusha, kwa hiyo muogope zaidi kuliko aliye hai. Na ukiteleza, maana utateleza, usiombe radhi pembeni kwa kunong'ona. Rudi pale pale uliposema uongo, useme kweli kwa sauti ile ile, na ufanye hivyo wenyewe wakiwa bado wanaweza kukusikia.

Mungu akupe ulimi mkweli na miguu isiyochoka, na kila mtu mzima utakayemwamkia katika vichochoro hivi, akuitikie.