Nilivyofutwa kwenye daftari la wakazi Brussels nikiwa na kibali halali cha kazi, na njia niliyochagua kufikia ukaazi wa kudumu

Wakuu, habari za mida hii.

Kuna member aliuliza kwenye uzi mwingine kuhusu PR (ukaazi wa kudumu) ya Ubelgiji kwa watu wa IT. Majibu mengi yalikuwa ya kusikia kwa watu. Mimi nimepita njia hiyo mwenyewe kwenye miaka ya 2010, kwa hiyo nitaeleza ilivyokuwa kwangu. Sipunguzi wala siongezi, na pale nilipofanya uzembe nitasema ni uzembe. Sheria zimebadilika sana tangu wakati ule, kwa hiyo usichukue uzi huu kama ushauri wa mwanasheria.

Nianze na mimi ni nani.

Ni mtu wa database, mzaliwa wa Singida. Nilikuwa nafanya kazi Dar, nikapata kazi kwenye kampuni ndogo ya Brussels iliyokuwa inatengeneza system za kupanga miadi ya wagonjwa hospitalini. Waliniombea kibali, nikaenda. Sikupitia scholarship wala ukimbizi.

Sasa elewa kitu kimoja, maana hapa ndipo wengi wanapotea.

Ubelgiji mambo yako sehemu tatu. Kibali cha kazi kinatolewa na mkoa ambao mwajiri wako yupo, na mikoa ni mitatu: Brussels, Flanders na Wallonia. Haki ya kukaa inatoka serikali kuu. Kadi yenyewe ya ukaazi unaichukua commune, yaani manispaa ya mtaa unaoishi, na hao commune ndio wenye daftari la wakazi.

Ukikaa miaka mitano mfululizo kihalali, unaomba ukaazi wa muda mrefu. Neno la kushika hapo ni "mfululizo".

Miaka minne ya kwanza nilikaa Ixelles, moja ya commune za Brussels, chumba kimoja karibu na square ya Flagey. Kila mwaka mwajiri ana-renew kibali, mimi nachukua kadi mpya, maisha yanaendelea. Jumapili naenda sokoni pale square, narudi napika. Sina la ajabu la kusimulia kuhusu miaka hiyo.

Mwaka wa tano ulipoanza, kampuni ikahama. Waliona ofisi za Brussels zimekuwa kubwa kuliko mahitaji yao, wakapata jengo kwenye mji mmoja upande wa magharibi, ndani ya Flanders.

Dada wa HR, anaitwa Annelies, akaniita ofisini kwake.

"Kibali chako ni cha Brussels," akasema. "Tukihama, tunaomba kipya mkoa wa Flanders. Usiwe na wasiwasi, hiyo ni kazi yangu."

Na kweli aliifanya. Kibali cha Flanders kilitoka bila shida. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani tatizo lilitoka kwa mwajiri.

Mimi kwa upande wangu nikaamua kusogea magharibi mwa jiji ili safari ya treni iwe fupi. Nikapata chumba Koekelberg, bado ndani ya Brussels, nyumba ya mama mmoja wa Lubumbashi, Maman Honorine. Mjane, watoto wake wamekua wameondoka, yeye anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Chumba juu, jiko tunashirikiana.

Ukihama unatakiwa kwenda commune mpya kutangaza anuani. Nilikwenda wiki ile ile. Halafu polisi wa mtaa anakuja nyumbani kuthibitisha kwamba kweli unaishi pale. Akithibitisha, unaandikwa. Ni utaratibu wa kawaida, wenyeji wenyewe wanaupitia.

Ila yule polisi anapokuja anaangalia jina kwenye kengele ya mlangoni. Kengele ya nyumba ile ilikuwa na jina moja tu, la marehemu mume wa Maman Honorine.

Nilijua natakiwa kubandika jina langu. Niliambiwa pale dirishani commune. Nikasema nita-print ofisini kesho. Kesho ofisi ilikuwa kwenye maboksi, printer haijafungwa. Wiki ikapita, nikasahau. Wakuu, mimi ni mtu ninayelipwa kuhakikisha jina la mgonjwa halipotei kwenye table. La kwangu likanishinda.

Polisi alikuja mara tatu, zote mchana wa siku za kazi. Mimi niko Flanders, Maman Honorine yuko na wazee wake. Aliacha karatasi kwenye sanduku la barua. Nadhani tuliitupa pamoja na matangazo ya supermarket.

Niligundua miezi kadhaa baadaye, nilipokwenda kuchukua kadi mpya nikiwa na kibali changu cha Flanders mkononi.

Binti wa dirishani aliandika namba yangu, akatazama screen, akatazama tena.

"Monsieur, wewe hauko Ubelgiji," akaniambia.

Nikamwambia niko mbele yake.

"Naona. Lakini Ixelles walikutoa kwa sababu umehama, na hapa hukuonekana. Umefutwa kwenye daftari."

Hakusema kwa ubaya. Akanieleza taratibu kwamba naweza kuomba wasahihishe, nikileta ushahidi kwamba sikuwahi kuondoka. Wakati wa uchunguzi nitapewa karatasi ya muda. Ile karatasi inaniruhusu kukaa na kufanya kazi, ila nikivuka mpaka kutoka nje ya nchi, haitanirudisha ndani.

Nikauliza, na ile miaka yangu mitano?

"Wakisahihisha, inaendelea. Wasiposahihisha, kuna pengo."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikapita nyuma ya kanisa kubwa la Basilica, sikuona haraka ya kupanda tram.

Maman Honorine alikuwa anakatakata sombe, yaani kisamvu. Nikamweleza. Akaweka kisu chini, akafungua mlango wa mbele akaenda kuangalia kengele yake mwenyewe kama vile haijui.

"Elia, jina yako haiko pa mulango," akasema aliporudi. "Mi nilifikiri ulisha kuandika, alors sikuuliza."

Nikamwambia kosa si lake.

"Bon. Mercredi siende kazi. Tutaenda pa commune, mi na weye."

Jumatano tukaenda. Akaandika barua kwa mkono wake kwamba mimi ni mpangaji wake tangu siku niliyohamia. Mimi nikaanza kukusanya vingine: payslip, abonnement (tiketi) ya treni ya kila mwezi, miadi ya daktari wa meno, na karatasi za mahudhurio za darasa la Kiholanzi nililokuwa nasoma kila Jumamosi. Hizo za mahudhurio ndizo zilikuwa na nguvu kuliko zote, maana zina sahihi yangu na tarehe kila wiki. Shika hiyo.

Faili likaingia foleni. Tukaambiwa tusubiri.

Sasa ndani ya kusubiri huko, mdogo wangu Neema akanipigia simu kutoka Singida. Mzee wetu amepata stroke. Mkono wa kulia umelegea, lakini anaongea, yuko wodini.

Hapa nieleze njia mbili nilizokuwa nazo, maana ndio kiini cha uzi.

Njia ya kwanza aliileta Annelies. Alikuwa ameuliza manispaa ya ule mji wa kampuni. Kibali changu kilikuwa cha Flanders tayari. Ningehamia kule, ningeandikishwa upya, kadi ingetoka ndani ya wiki chache na ningeweza kusafiri. Alikuwa amenitafutia hadi chumba.

Lakini kwa kuandikishwa upya kule nilikuwa nakubali kwamba hapa katikati sikuwepo. Mwaka wangu wa kwanza ungeanza siku hiyo. Minne na nusu inakwenda.

Njia ya pili ni kubaki Koekelberg, kusubiri masahihisho, kulinda miaka. Hakuna aliyejua itachukua muda gani, wala kama watakubali. Na kusafiri hakuna.

Mtu anaweza kusema minne na nusu si kitu mbele ya mzazi. Sawa. Lakini kibali kilikuwa kinategemea mwajiri mmoja, na kampuni iliyohama kwa kupunguza ofisi unaweza kusoma mwenyewe inakoelekea. Ningepoteza kazi katika hiyo miaka mitano mipya, ningerudi nyumbani bila chochote, na matibabu ya mzee yalikuwa yananitegemea mimi.

Nikampigia mzee mwenyewe. Neema akamshikia simu sikioni.

Mzee wangu alikuwa karani wa masijala halmashauri, maisha yake yote ya kazi. Mafaili ndiyo kitu alichokijua. Nikamweleza njia zote mbili kama nilivyowaeleza hapa.

Akauliza swali moja. "Faili lako la sasa limefungwa au liko wazi?"

Nikamwambia liko wazi, linasubiri.

"Faili lililo wazi haliachwi," akasema. "Ukifungua jipya, la zamani hakuna atakayelitafuta. Kaa. Maliza. Mimi nipo."

Nikamwambia Annelies siendi. Hakubishana. Alisema tu, "Natumaini uko sahihi," akaendelea na kazi zake.

Miezi ikapita. Jumamosi moja asubuhi polisi wa mtaa akaja, safari hii kwa ajili ya uchunguzi. Jamaa mrefu, mpole. Jina langu lilikuwa kwenye kengele, kubwa kuliko la marehemu. Akapanda chumbani, akaangalia nguo kabatini, mswaki, vitabu.

"Nilikuja mara tatu," akaniambia. "Hakukuwa na jina."

Nikamwambia najua.

Maman Honorine alikuwa amesimama kwenye ngazi. Akamwambia kitu kwa Kifaransa, yule polisi akacheka akaandika kwenye daftari lake. Alipoondoka nikamuuliza Maman alisema nini, maana Kifaransa chake kina spidi.

"Nilimwambia huyu analalaka kwangu, anakulaka kwangu, na anaachaka taa ya bafu kila siku. Muntu mwenye hayiko, anaachaka taa?"

Wiki chache baada ya hapo Neema akapiga tena. Stroke ya pili. Safari hii mzee yuko hai lakini maneno yamekwenda.

Nilikuwa kazini. Nilimaliza backup niliyokuwa naifanya, nikaenda kukaa kwenye ngazi za dharura mpaka muda wa treni.

Barua ya commune ilikuja zaidi ya mwezi mmoja baadaye. Kufutwa kumebatilishwa, nahesabiwa mkazi bila kukatika tangu siku niliyotangaza anuani. Nikapata kadi, nikakata tiketi.

Singida nilimkuta mzee amekaa kitandani, Neema amemnyoa ndevu. Alinitambua. Alitoa sauti, lakini halikuwa neno. Nilikuwa nimebeba ile barua. Nikamwekea kwenye mkono wa kushoto.

Kifaransa hajui. Lakini aliigeuza, akatafuta namba ya kumbukumbu juu kulia, akaisoma kwa midomo tarakimu moja moja bila sauti. Halafu akashuka kwenye muhuri, akakaa hapo muda. Akanirudishia, akafumba macho.

Nilikaa wiki tatu. Nilimwogesha, nilimlisha, tulisikiliza redio. Nilimsimulia mambo ya Brussels na yeye alikuwa anatikisa kichwa. Kama kulikuwa na kitu alitaka kuniambia, sikukipata.

Niliporudi, miaka mitano ilikuwa imetimia. Nikaomba ukaazi wa muda mrefu, nikajibiwa ndani ya muda wa kisheria, nikapewa. Mwaka uliofuata kampuni ilipunguza watu na mimi nilikuwa mmoja wao. Kwa kadi ile sikuhitaji tena kibali cha mkoa wowote, nikaingia kazi nyingine Brussels baada ya miezi miwili. Kwa hiyo kimahesabu, mzee alikuwa sahihi.

Aliishi miaka mingine miwili. Nilikwenda mara nne. Hakuongea tena.

Niliyojifunza, kwa wanaofikiria njia hii:

Kibali kuwa halali hakumaanishi ukaazi wako uko salama. Mkoa, serikali kuu na commune hawasomi screen moja. Kila ukihama nyumba, au mwajiri akihama mkoa, uliza hivi: nani ana taarifa zangu za zamani, na nani anazisubiri mpya?

Weka kila karatasi yenye tarehe na sahihi. Jiandikishe darasa lolote la lugha lenye mahudhurio, hata kama huipendi hiyo lugha.

Na jambo la kubandika jina lifanye siku ile ile unayoshusha mizigo.

Hayo ndiyo ninayoweza kuyasema kwa uhakika. Lile jingine, la kama nilipaswa kupanda ndege wakati bado anaongea, Neema hajawahi kuniuliza hata siku moja, na mimi sijawahi kumshukuru kwa hilo.

Waliopita Flanders au Wallonia waje waseme kwao ilikuwaje, hasa walioanza upya hesabu ya miaka. Na kama kuna aliyechagua ile njia nyingine, ya kwenda nyumbani kwanza, ningependa kusoma yako. Nitakuwepo hapa kujibu maswali.