Nilimpeleka fundi wa boti kukagua injini ya SUV, mama mkwe akamkagua fundi

Wakuu, salaam kwenu.

Humu nasoma miaka mingi bila kuandika, mimi si msemaji. Leo naleta lililonikuta mwenyewe, bila kuongeza chumvi. Shule niliishia la saba, nikikosea mnivumilie.

Mimi ni wa Bweni, Mafia. Mke wangu alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Ameniachia mama yake, ambaye kila mwezi anatakiwa kliniki ya macho Kilindoni.

Anayeijua barabara yetu anaelewa. Mama mtu mzima akipanda bodaboda kutoka Bweni, akifika hajui amekuja kwa ajili ya macho au mgongo.

Nikauza boti yangu ili nitafute SUV used. Yaani boti imeshakwenda. Nikiuziwa gari bovu, sina boti, sina gari, na mama anarudi kwenye bodaboda.

Sasa niwaeleze kitu. Kwetu mtu na mkwewe wanastahiana. Shikamoo, marahaba, basi. Mengine yote kati yangu na mama alikuwa akiyapeleka na kuyarudisha marehemu. "Mama anauliza kisamvu kimekolea?" "Mwambie kimekolea." Alipofariki, kazi hiyo ikamwangukia shemeji yangu Shebani, mdogo wake marehemu.

Shebani ni fundi wa mashine za boti, na kwa boti simjui anayemzidi. Nikajisemea, mashine ni mashine.

Hapo ndipo nilipokosea.

Tulifika kwa muuzaji asubuhi, mama tumetoka naye kliniki. Gari jeusi, limeoshwa mpaka injini inang'aa kama sahani za harusi. Mama akaegemea boneti, akautoa mkono haraka.

"Shebani, mwambie mkwe wangu hii sufuria imetoka jikoni sasa hivi."

Mimi nipo hatua mbili tu. Shebani akanigeukia. "Shemeji, mama anasema sufuria imetoka jikoni."

Tukacheka. Muuzaji alicheka kuliko sisi.

Gari likawaka mara moja, nyuma likatoa moshi wa bluu. Shebani akafurahi. Mashine nyingi anazotengeneza zinachanganyiwa oili kwenye petroli, kwa hiyo moshi ule kwake ndiyo afya.

Tukafanya test drive mpaka karibu na uwanja wa ndege na kurudi. Tuliposimama, injini ina moto kweli, na bado ekzosi inatema maji. Shebani akakinga kiganja, akafurahi zaidi.

"Shemeji, inatema maji. Inajipoza vizuri hii. Lipa."

Kwa msiojua, mashine ya boti inavuta maji ya bahari ili ijipoze, halafu inayatema. Isipotema ndiyo uogope. Muuzaji alikuwa anatazama viatu vyake. Nadhani hajawahi kupata wateja wepesi kama sisi.

Mkono wangu umeshaingia mfukoni, nikamsikia mama, ameinamia injini, boneti ikiwa wazi.

"Shebani, muulize fundi wa mkwe wangu, hicho kifuniko cha juu cha nini?"

"Mama, fundi si ndiyo mimi."

"Muulize."

Shebani akakitazama. "Sijui. Mashine zangu hazina."

"Mwambie afungue."

Injini ikazimwa, akafungua. Kilikuwa kifuniko cha oili. Kwa ndani kimeganda ute mweupe, mzito. Mama akasogeza miwani.

"Hili tui la kwanza au la pili?"

Shebani hakucheka. Oili ya gia ya boti ikiwa nyeupe, hiyo anaijua vizuri. Akasema taratibu, "Maji yameingia kwenye oili."

"Basi mwambie mkwe wangu, fundi aliyemleta hajui gari."

Maskini Shebani, kiganja bado kimelowa maji ya ekzosi, akanigeukia. "Shemeji, mama anasema fundi uliyemleta hajui gari."

"Mwambie nimesikia."

"Na umuulize huyo bwana kwa nini anauza," mama akaendelea.

Wakuu, swali hilo lilinichoma. Ndilo alilokuwa akiuliza marehemu kwa kila kitu, hata kuku. Mimi sikuwa nimeliuliza.

Muuzaji akatazama huku na huku, mwisho akasema. Gari linachemka, gasketi ya silinda hedi imekwenda, ndiyo maana maji yanaingia kwenye oili na kutokea ekzosi. Likiwa baridi linasumbua kuwaka, kwa hiyo alilipasha kabla hatujafika.

Tukarudi kwa bodaboda.

Mwezi uliofuata nilipata gari jingine, safari hii na fundi wa magari. Nilikwenda alfajiri bila kumwarifu mwenye gari, nikaweka kiganja kwenye boneti. Baridi. Tukafungua kifuniko cha oili kabla ya kuwasha. Hakuna tui. Nikauliza kwa nini anauza, nikanyamaza mpaka akajibu. Hilo ndilo somo langu, sina jingine.

Safari ya kwanza ya kliniki Shebani alikuwa na kazi, tukaenda wawili tu, mimi na mama. Kwenda kimya. Kurudi kimya, tukapita kijiji cha Kanga, kimya. Hapakuwa na wa kutupelekea maneno.

Karibu na nyumbani mama akakohoa.

"Mwanangu, punguza mwendo, mbele kuna shimo."

Shimo lenyewe tulikuwa tumeshalipita. Nilipunguza hivyo hivyo.

Nyie huwa mnaanzia wapi kukagua injini? Nifundisheni. Ila mnaotaka kumsema Shebani, angalieni, naye anasoma humu, na boti zenu anatengeneza yeye.