Ushahidi Tulioamriwa Kuuchoma

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha mawasiliano, Sajini Meja alinikabidhi vitu viwili: vifaa vya kuvaa masikioni na kiberiti. "Hivi vya kusikia," alisema, "na hiki cha kusahau. Ukikosea kimoja, kuna mtu atakufa." Nilikuwa msichana wa Kafutuma niliyedhani kazi ya askari ni bunduki tu.

Nyinyi mnaotuma ujumbe kwa kidole, acheni niwaeleze. Tulizungumza kwa masafa, yaani njia ya hewani ambayo pande mbili zimekubaliana kukutana, na masafa yalibadilishwa kila siku. Maneno tuliyaficha kwa msimbo: boti iliitwa jina la mti, kikosi jina la mto. Kila tulichosikia tulikiandika kwenye daftari la zamu, na saa na sahihi pembeni. Ofisa akishasoma, kurasa zilichomwa ndani ya debe, majivu yakakorogwa kwa fimbo mpaka isibaki herufi inayosomeka. Kukutwa na ukurasa nyumbani lilikuwa kosa la kufungwa.

Baada ya miaka kambini nilihamishiwa kituo cha Puta, kando ya Ziwa Mweru, upande wa Zambia. Kiswahili hiki nilikijifunza hapo kwa masikio, nikiwasikiliza wachuuzi wa upande wa Kongo wakiitana juu ya maji. Mkuu wetu alikuwa Kapteni mwembamba asiyependa kelele. Mchana mmoja dhoruba iliwakuta askari wetu wa doria katikati ya Mweru, injini ya boti yao imekufa. Niligeuza antena kidogo kidogo, maana sauti hupata nguvu antena inapomwelekea msemaji, nikajua upande walipo, nikaielekeza boti ya pili mpaka ikawafikia. Wote walirudi. Kapteni alisoma daftari, akagonga ukurasa kwa kidole. "Kazi safi, Sajini. Sasa choma."

Nikachoma.

Nilipostaafu nilikuja Kashikishi, ufukweni mwa ziwa hilohilo, nikafungua kibanda cha kutengeneza simu na paneli za jua karibu na vichanja vya samaki. Kisha ikapita sheria mpya: askari wastaafu wafundishwe teknolojia zinazochipuka, kwa gharama ya serikali. Kulikuwa na kozi ya droni. Nilifikiria chombo kile juu ya ziwa, kikiuona mtumbwi uliopinduka kabla antena yangu haijaanza kugeuka, na nafasi ile nikaitamani kama mwenye kiu.

Mratibu wa mafunzo, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, aliifunua fomu yangu.

"Ba Mayo," alisema, akiniita mama kwa heshima ya Kibemba, "hapa kwenye uzoefu wa kiufundi hamkuambatisha kitu."

"Vilichomwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Kwa amri."

"Kanuni inataka daftari la kazi, mukwai," alisema kwa adabu.

"Cheti changu kinataja cheo na miaka tu, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa siri. Kapteni wangu angenishuhudia, lakini tumeshamzika. Niwekee redio hapa mezani, unipime."

"Kanuni haisemi kupima."

Wiki hiyohiyo Koplo Chanda, tuliyepokezana naye zamu kule Puta, alikuja kibandani anacheka, kwapani ana daftari lenye neno SIRI kwenye jalada. "Sajini, mimi nilikuwa mvivu hata wa kuwasha kiberiti. Nimekubaliwa!"

Hasira ilinipanda. Kosa lake la kifungo ndilo lililogongewa muhuri wa sifa. Mama Kyungu, mchuuzi wa dagaa wa chisense kutoka ng'ambo ya Kongo aliyekuwa akingoja simu yake, alitutazama wote wawili, akasema kwa Kiswahili cha kwao:

"Papa uyu alivunja amri, njo bamemupa nafasi. Weye ulitii, njo maana uko inje. Sheria gani ile?"

Chanda aliacha kucheka. Hakuwa mtu mbaya. Alilifungua daftari na kunionyesha mistari iliyoachwa wazi. "Weka sahihi yako hapa. Nani atajua?"

Siwadanganyi, nilishika kalamu, na niliishika kwa muda mrefu. Lakini sahihi kwenye daftari la zamu inasema: nilikuwepo, nilisikia, nendeni. Watu waliingia ziwani kwa kuamini sahihi ile. Nikamrudishia kalamu yake.

Kesho yake nilirudi kwa mratibu. Penye nafasi ya viambatisho niliandika: "Viliteketezwa kwa amri," nikaweka cheo na namba yangu ya jeshi.

"Watakataa, Ba Mayo," alisema, safari hii kwa sauti ya chini.

"Wakatae kwa maandishi. Wataje sababu."

Wameitaja. Barua inasema mwombaji aliharibu ushahidi wake mwenyewe. Chanda ameanza masomo. Anasema mwalimu anawafundisha kusoma mwelekeo wa mawimbi ya redio, na kila jioni ananipigia simu nimweleze upya.

Sasa mnaniuliza kama ninajutia kutii. Sijutii, waliorudi kutoka ziwani wana wajukuu. Ninachokataa ni kuitwa mharibifu na watu ambao usingizi wao tuliulinda kwa kuchoma. Barua nimeifunga kwenye nailoni, tiketi ya basi la Lusaka ninayo. Nitaiweka mezani mbele ya walioandika kanuni ile, waisome kwa sauti, nami nimesimama.