Kweli Tano za Fundi Bobini

Mtaani walimwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, na jina hilo lilimkaa vizuri: mfupi, wa mviringo, na siku nzima yuko ndani ya mashine. Alikuwa fundi wa cherehani. Si mshonaji, tafadhali. Ukimwita mshonaji angenuna mpaka jioni. Washonaji ndio wateja wake. Wao huharibu, yeye hutengeneza. Kibanda chake kilikuwa mwisho wa mtaa, kimeegemea ukuta wa duka la dawa, na ndani mlikuwa na meza moja, taa ya mezani, kopo la mafuta ya mashine na cherehani kumi na kitu zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa na desturi moja ya kazi iliyowachosha wenye haraka: hakugusa bisibisi kabla ya kukusikiliza. "Ilianzaje?" angekuuliza. "Ilikata uzi kwanza au ililia kwanza?" Upende usipende, utaeleza.

Nayasema haya mapema kwa sababu mtu wa namna hiyo, anayeamini kwamba kila shauri lina siku yake ya kusikilizwa, ndiye hasa anayeweza kupoteza nyumba kwa adabu.

Nyumba yenyewe haikuwa yake. Alipanga. Vyumba viwili, jiko, na ua mdogo wa nyuma wenye kamba ya nguo. Alikaa humo miaka ishirini na sita pamoja na dada yake mkubwa. Dada hakuwa akiona. Macho yalimzimika akiwa na miaka thelathini na kitu, mwaka mmoja kabla hawajahamia pale, na ni ndani ya nyumba hiyo alimojifunza kuishi upya. Ukutani, kando ya mlango wa jiko, rangi ilikuwa imefifia kwa usawa wa kiganja chake. Alipika, alifua, alianika, alikata vitunguu vyembamba kuliko sisi wenye macho mawili, na mgeni angeweza kumaliza chai yake akaaga bila kujua lolote. Ila nje ya lango alikuwa mtu mwingine kabisa. Hatua tatu tu barabarani, anashika kiwiko cha mdogo wake kwa mikono miwili na kuanza kutembea kama bibi kizee. Bobini aliogopa jambo moja tu duniani, nalo ni kwamba wakihamishwa, huyo bibi kizee wa barabarani ndiye atakayebaki.

Mwenye nyumba wa zamani alilijua hilo. Alikuja mchana mmoja kuangalia bomba lililokuwa likivuja, Dada akamwandalia chai, akajaza kikombe mpaka juu bila kumwaga tone. Mzee akabaki kumwangalia. Kisha akamwambia, mbele ya Bobini na mbele ya jirani yao mpiga pasi aliyekuja kuazima ndoo: "Mwanangu, humu utakaa mpaka utakapochoka mwenyewe. Hata mimi nisipokuwepo." Hakuna aliyeandika. Nani huandika maneno ya kwenye chai? Mikataba ya mwaka mmoja mmoja ikaendelea kusainiwa, na wa mwisho ulipoisha hakuna aliyekumbuka kuuhuisha, maana mzee alikuwa kitandani anaumwa. Miezi michache baadaye akafariki.

Mrithi, mwanawe wa pekee, hakuwa mtu mbaya. Ningepata raha kusimulia kama angekuwa mbaya. Alikuja na viatu vinavyong'aa, akaamkia kwa heshima, akatoa notisi ya miezi mitatu, kwa sababu alitaka kuibomoa nyumba ajenge ghorofa. Bobini akaipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Ndivyo alivyo, ukimpa kitu chochote mkononi atashukuru kwanza, atasoma baadaye. Aliposoma akasema, "Baba yako alituachia neno, mwanangu. Kaa nikueleze."

Mrithi akatazama saa. "Mzee wangu, mengine zungumza na wakili."

Bobini akamsubiri wakili. Alimsubiri miezi mitatu, na hata vikombe vya wageni vilikuwa tayari. Badala ya wakili ikaja bahasha ya mahakama.

Hati ya madai ilikuwa na aya sita zenye namba. Aliisoma mara mbili, akatoka kapa, akafunga safari hadi kwa mwandishi wa nyaraka anayekaa chini ya mwavuli nje ya mahakama na kompyuta yake ndogo. Huyo si wakili wala hajidai kuwa. Anaandika unachomwambia, basi.

"Lazima ujibu kila aya," mwandishi alimwambia. "Twende. Ya kwanza: mdai ndiye mmiliki halali wa nyumba."

"Kweli."

"Ya pili: mdaiwa, yaani wewe, ni mpangaji."

"Kweli. Wa baba yake, lakini kweli."

"Ya tatu: mkataba umeisha."

"Kweli."

"Ya nne: ulipewa notisi ya miezi mitatu."

"Kweli. Alinipa mkononi mwenyewe, kijana ana adabu. Na hilo liandike."

Mwandishi akamtazama juu ya miwani. "Niandike kwamba ana adabu?"

"Si ni kweli?"

Akaandika. "Ya tano: mpaka leo hujahama."

"Kweli."

"Ya sita: huna sababu yoyote kisheria ya kuendelea kukaa."

Bobini akanyanyua kidole. "Hapo sasa. Hapo andika tutaongea."

"Tutaongea?"

"Ndiyo. Sababu ninayo, lakini ni neno la marehemu. Silipeleki kwenye karatasi likashikwashikwe na makarani. Nitalisema kwa mdomo wangu, na aliyelisikia atakuwepo."

Watu wanne walikuwa kwenye foleni, na mmoja ana mtoto anayelia. Mwandishi hakutaka mjadala. Akaandika kwamba mdaiwa anaikana aya ya sita na ataeleza mbele ya mahakama. Bobini akasaini, akarudi kibandani mwepesi kabisa. Kweli tano na ubishi mmoja! Hakimu yeyote mwenye akili zake, aliwaza, ataona mara moja kwamba huyu ni mtu mwaminifu, na mtu mwaminifu husikilizwa mpaka mwisho.

Baada ya wiki kadhaa ikaja bahasha ya pili. Ndani yake mdai alikuwa akiomba, kwa kiapo, mahakama itoe hukumu ya muhtasari. Bobini akaona majina yale yale, nyumba ile ile, tarehe zile zile, akadhani wamemtumia nakala. Akazifunga zote pamoja kwa uzi mweusi na kuandika ukutani siku ya kufika mahakamani. Kumbe bahasha hiyo ndiyo iliyokuwa ikimuuliza kama ana la kusema, na kama analo aliandike, aliapie, alilete kabla ya siku fulani. Siku hiyo ikapita. Fundi wetu, hana hili wala lile, anapaka mafuta mashine.

Dada alijiandaa kwa wiki nzima. Ushahidi wake aliufanyia mazoezi jikoni, mwiko mkononi. "Mheshimiwa, mimi siombi huruma," alikuwa akiiambia sufuria. "Naomba uje unione ninavyotembea kwangu." Siku ilipofika akavaa gauni lake la bluu la shughuli. Mpiga pasi akafunga kazi, akapiga pasi nguo zake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kupata nafasi ya kulifanya, na njia nzima akawa anarudia kwamba alikuwa ameshika ndoo, anakumbuka vizuri sana, alikuwa ameshika ndoo. Askari wa mlangoni akawaambia mashahidi wasubiri kwenye benchi la nje mpaka waitwe. Wakakaa, mikoba mapajani.

Ndani mlikuwa na feni ya dari, na mafaili yaliyofungwa kamba, yamepangwa hadi yameziba nusu ya dirisha. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye mafua. Wakili wa mrithi akasimama na kuzungumza kwa muda ambao hata chai haipoi. Kila alichosema Bobini alikiitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, mpaka wakili mwenyewe akaanza kumtazama kwa mashaka, akihofia ametegwa.

"Mzee, utetezi huu ni wako?" hakimu aliuliza.

"Ni wangu, mheshimiwa."

"Unakubali aya ya kwanza mpaka ya tano."

"Nakubali. Siwezi kukana jambo la kweli."

"Na maombi haya ya mdai uliyapata?"

"Nilipata nakala, mheshimiwa. Nimezitunza." Akainua furushi lake lenye uzi mweusi lionekane.

"Hukuyajibu."

"Nilikuwa nimeshajibu. Mashahidi wangu wako nje, wawili."

Hakimu akaweka kalamu chini. Hakuwa mkali wala hakuwa na haraka, na hilo ndilo lililozidi kumchanganya Bobini, maana mtu akikuumiza kwa upole hujui umkasirikie wapi. "Nisikilize, mzee. Leo si siku ya mashahidi. Leo naangalia karatasi tu, nione kama kuna jambo mnalobishania la kutufanya tuwaite. Kama halipo, naamua leo leo. Hiyo ndiyo hukumu ya muhtasari."

Bobini akakuna kichwa. Muhtasari anaujua tangu shuleni: unasoma kitabu kirefu, unaandika kifupi chake. "Samahani, mheshimiwa. Muhtasari wa nini? Kirefu chenyewe hakijasemwa."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Hakimu hakucheka. "Kirefu kilitakiwa kiwe humu," alisema na kugonga faili. "Ulikuwa na nini?"

Bobini akalisema neno la marehemu, lakini likamtoka shaghalabaghala. Alisema marehemu aliwaambia wakae mpaka wachoke wenyewe, palikuwa na bomba, palikuwa na chai, ndoo ilikuwepo. Wakili akasimama: hayo hayamo kwenye utetezi wala kwenye kiapo chochote, na muda wa kuyaleta umepita. Hakimu akapekua faili mbele na nyuma, taratibu, nadhani alikuwa akitafuta kitu cha kushika. Hakukiona.

"Lingekuwemo humu, hata kwa mistari miwili, leo nisingeweza kuamua," alimwambia Bobini. "Sijui lingekufikisha wapi. Lakini ningelazimika kulisikiliza." Halafu akasoma uamuzi: mdaiwa aondoke ndani ya siku sitini. Karani akaita faili linalofuata, na watu wawili wasiomjua Bobini wakamwomba apishe.

Nje, Dada alimtambua kwa hatua zake. "Wanatuita?"

"Hawatuiti."

"Wanatuita kesho?"

"Hawatuiti kabisa, Dada. Imekwisha."

Mpiga pasi akatazama saa yake. "Imekwishaje? Hata benchi halijapata joto."

Dada akafikiri kidogo, kisha uso ukamchangamka. "Basi tumeshinda. Mtu akiona hana haja ya kumuuliza shahidi wako, si ameshakuamini?"

Kati ya yote Bobini aliyoyasikia asubuhi ile, hilo ndilo lililokuwa na akili zaidi, na niwaambieni ukweli, kwa muda mfupi hata yeye hakuwa na hakika. Hakuna aliyemwita mwongo. Hakuna neno lake hata moja lililopingwa kwamba si kweli. Yote aliyoyaandika yamekubaliwa, na nyumba imekwenda. Akaunganisha hili na lile, hayakuungana.

"Tumeshindwa, Dada," alisema. "Nadhani tumeshindwa."

Njia nzima Dada alimshika kiwiko kwa mikono miwili. Walipofika aliachia kiwiko chake langoni, akavua viatu, akapita sebuleni bila kugusa hata kiti, akaketi mahali pake. "Nisomee ulichowaandikia," alisema. "Chote."

Bobini akafungua uzi mweusi. Akasoma aya ya kwanza, kweli. Ya pili, kweli. Alipofika kwenye adabu ya kijana Dada akatabasamu kidogo. Akasoma ya tano, akasoma ya sita, kwamba ataeleza mbele ya mahakama, akasoma tarehe na jina lake mwenyewe.

"Endelea."

"Imeishia hapo."

"Mimi umeniweka aya ya ngapi?"

Bobini akaigeuza karatasi. Nyuma palikuwa patupu. Akarudi mwanzo, akaipitia kwa kidole mstari baada ya mstari, polepole, kama vile mtu anaweza kuwa amejificha katikati ya maneno. Mdai alikuwemo. Baba yake alikuwemo. Adabu yake ilikuwemo.

"Hawakuuliza, Dada. Hakuna aya iliyokuuliza wewe."

Dada hakukasirika, na Bobini alitamani sana akasirike.

"Basi yule mama hakimu usimlaumu," alisema. "Yeye amehamisha fundi mmoja wa cherehani. Na fundi hakosi pa kukaa."

Akanyanyuka, akaenda jikoni kuinjika chai. Bobini akabaki na karatasi mapajani. Tangu asubuhi alikuwa akitafuta mtu wa kumweleza kwa nini, na sasa ameelezwa. Alikuwa radhi kurudi kwenye kutoelewa kwake.