Furaha, Miye na Batoto ya Samaki

Siku ya kwanza ya kazi yangu nilivaa viatu vya misa. Hakuna mutu alinijulisha kama kwa étang, ni kusema vidimbwi vya kufuga samaki, mutu anaingia mu maji mpaka magoti. Ilikuwa upande wa Mabalako, kwa projet moja yenye ilikuwa inagawia balimaji batoto ya tilapia. Chef de Station, mukubwa wa ile kazi, aliangalia viatu, akaniangalia miye, akasema: « Masika, huku hatuna misa. Vula. » Nikavula, nikashuka pembeni yake. Mbele ya mangaribi nilikwisha kupenda ile kazi, hata kama miguu iliniwasha juma nzima.

Ule Chef njo alinifundisha kama kuna samaki zenye hazitage na kuacha. Mama anazaa mayai, anayaokota mu kinywa, anayalea mule mpaka yanapasuka, na wakati ule wote hakule. Batoto yenyewe tunabaita alevin. Alinionyesha pia namna ya kukamua mama: unamushika na mukono yenye kulowa, kichwa inaangalia chini, unamufungua kinywa na ncha ya unyoya ya kuku, na batoto banaanguka mu besani. Polepole njo mwendo, alikuwa anasema. Miye nilikuwa na mukono mwepesi kupita banaume bote ba pale. Ninasema hii bila kujisifu, ama tuseme na kujisifu kidogo, juu hakuna mwingine atanisifu.

Projet ilipoisha nikapanda Butembo. Patron mumoja, commerçant, ni kusema mufanyabiashara mukubwa, mwenye alikuwa na hoteli, alikuwa amerudi safari na wazo mupya: kuweka aquarium, sanduku ya kioo ya kufugia samaki, mu salon ya hoteli, na kuuzisha samaki za kupendeza kwa batu benye kujenga manyumba makubwa. Samaki alizitosha ku ziwa Tanganyika, za manjano na za bluu. Ni jamaa moja na tilapia, na mama yao pia analea mu kinywa. Patron alisikia kama kuna mwanamuke mwenye kujua kukamua, akanitafuta.

Mwaka haukuisha, akaniletea Furaha. Baba yake alikuwa transporteur wa Beni, Muislamu wa heshima, makamyo yake njo ilikuwa inabeba bidhaa ya Patron. Furaha hakujua kichwa ya samaki wala mukia. Patron akaniambia nimufundishe, na nikamufundisha. Muandike hii pahali: ni miye nilimufundisha. Kunyonya uchafu chini ya aquarium na tuyo, ule mupira ya maji. Kulalisha maji mu tonneau, ni pipa, mbele ya kuimwanga. Kuchemusha yai, kufunga kiini mu kitambaa, kuikamulia batoto benye bangali macho mbili na mukia tu. Kutwanga fretin, samaki ndogondogo za kukausha, mpaka inakuwa unga, kwa benye kukomaa kidogo. Alikuwa ananiita yaya, ni kusema dada mukubwa, na alikuwa anashika haraka. Hata hii haraka yake ilianza kunichoma.

Siku moja Patron alituita sisi wawili. Alisema atafungua nyumba ya samaki Beni, na mutu mumoja ataenda kuwa responsable kule. Atakuwa na funguo, atakuwa na nyumba ya kulala, jina yake itaandikwa ku mulango. Ile siku kila mumoja wetu alikuwa na mama ya samaki mwenye amebeba mayai. Patron akasema mwenye batoto bake batapona, njo ataenda. Ee ndugu zangu, ile jina ku mulango niliitaka sana. Sikuwa na bwana, sikuwa na mutoto, banamuke bote mu hoteli balikuwa banaitwa mama fulani, miye Masika tu.

Sasa musikilize kosa yangu, juu hata ninyi munaweza kuifanya. Kwetu, mwanamuke akizaa, hatumuache peke yake. Batu banakuja kumuona, mumoja na kuku, mwingine na uji ya bouillie, mwingine na kuni. Kumuacha muzazi bila wageni ni haya kwa mutaa nzima. Na kule étang maji ilikuwa na matope, sikuwa nimeona hata siku moja mama wa samaki namna anabeba mayai yake. Huku Butembo pia nilizoea kubakamua mbio bila kubaangalia; mara hii mayai ilikuwa ingali michanga, nikangoja, nikamuona nyuma ya kioo, mashavu imevimba, hakule, anapumua kwa shida. Roho iliniuma. Nikamutupia minyoo, akakatala. Nikamutupia fretin, nikamutupia kiini ya yai. Nikamuita mupishi, nikaita bamama ba kufua mashuka, hata bageni ba hoteli, baje kumuona muzazi. Banagonga kioo na vidole, banamuambia wasingya, wasingya, ni kusema asante kwa kuzaa. Kila kidole ilimushitusha, mpaka akameza mayai yote. Asubui mashavu ilikuwa bapa, na alianza kula fretin yangu kama hakuna kitu ilifanyika.

Furaha yeye alifunika aquarium yake na kikwembe. Nilimucheka mbele ya batu, nikasema huyu anaficha samaki kama bibi arusi. Akajibu tu kama batu banapiga kioo sana. Nyuma ya kile kikwembe batoto bakatoka, bingi, bazima, banaogelea pembeni ya mama yao. Patron alikuja kuangalia. Hakuniangalia vibaya, na hii njo mubaya zaidi.

« Masika, weye unapenda samaki sana, » alisema. « Furaha anaziacha zipumue. Ni yeye ataenda Beni. »

Nikabakia Butembo. Ninyi benye munataka kuanza aquarium huku kwetu, mujue kama baridi ya Butembo haina huruma. Zile samaki zinapenda maji ya uvuguvugu, na courant ya umeme inakatika wakati inataka. Miye nilikuwa ninachemusha maji ku babula ya makala, ninaijaza mu machupa, ninafunga sana, ninatia machupa mu aquarium, ikipoa ninabadirisha. Pompe ya hewa ikizima, ninachukua pompe ya kinga, ni baiskeli, ninasukuma hewa na mukono. Alevin benye balipona mu mikono yangu, balipona juu ya jasho yangu. Na bote baliomba chakula mara mingi kidogo kidogo, nami nikabapatia, juu mu baridi chakula haiozi mbio.

Basi pale njo bashofere banafika kutoka Beni, banakunywa chai mu hoteli, banaanza: samaki za Furaha ni manene, samaki za Furaha zina rangi. Commerçant mumoja wa hapa hapa Butembo alipita mbele ya mulango yetu, akaenda kununua kwa Furaha. Nikisikia ile jina chai ilikuwa inageuka uchungu mu kinywa. Nilikuwa ninajibu kila mutu kama ni jua ya Beni. Kule kuko joto, hata jiwe inaweza kuzaa. Mumupandishe huku na baridi yetu, tutaona. Nililisema mpaka nikaliamini.

Furaha alikuwa ameolewa kule Beni. Ikafika wakati bwana yake alipata kazi Kisangani, naye akamufuata. Patron akanipatia Beni. Eh Mungu, jina yangu ku mulango! Niliisoma kila asubui mbele ya kufungua. Joto ilikuwa ileile, aquarium zilezile, mama za samaki zilezile zenye Furaha aliacha. Nikasema sasa batanijua.

Nikabalisha alevin sawa vile Butembo, mara mingi, kidogo kidogo. Lakini mu joto chakula yenye inabakia inaoza siku ileile, na kuoza inakula hewa ya mu maji. Maji ikawa nyeupe kama ya kulowesha muhogo. Alevin bakapanda juu, banafungua kinywa, banakufa. Nikabadirisha maji yote mara moja, bakakufa zaidi. Nilijaribu kila kitu isipokuwa ile simu. Mwisho nikaona kama nikingoja tena, nyumba yote itakwisha. Nikamupigia Furaha simu.

« Yaya, usibapatie kitu, » alisema. « Leo hapana, kesho hapana. Utoshe maji kidogo tu, urudishe kidogo. »

Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliniuliza kama magoti yangu, yenye baridi ya Butembo iliumiza, ingali inauma, akaniomba nisalimie Patron. Kama angecheka, ningemusamehe.

Batoto benye balibakia bakapona. Nilimaliza miaka yangu Beni na maji safi, sikupoteza aquarium ingine. Kwa hiyo ninyi benye kuanza, mushike hii: mama akibeba mayai, mumuache, ku baridi muongeze moto, ku joto mupunguze chakula. Ni fupi kuisema. Miye ilinichukua kazi nzima.

Nilipoenda retraite, kupumuzika kazi, Patron alitengeneza chakula mu hoteli ya Butembo. Furaha alitoka mbali kuja, na barabara ile munaijua, matope na mashimo. Patron akamusifu mbele yangu, nikakaza meno, nikasema mu roho: hata leo, hata siku yangu! Kisha Furaha akasimama. Akasema kitu yote anajua juu ya samaki, ni yaya Masika alimufundisha, na batoto bake ba kuzaa anabafundisha namna miye nilimufundisha yeye. Batu bakapiga makofi.

Nilimuangalia mu macho. Nilitafuta mule hata wivu kidogo, ya kadiri ya alevin moja, ili tulingane. Haikukuwa. Miaka yote ile nilikuwa ninashindana peke yangu, na yeye alikuwa ananipenda tu.